Shimizi Nyeupe ya Honoré

Siku ya ine, 11 Juillet 1968

Edmond amerudi toka Kibua. Miguu yote vumbi. Huyu shemeki hakunisalimia hata muzuri. Alipita tu, akaingia kwa baba yake, Papa Léonard, na bakafunga mulango. Mulango! Hapa Kashebere nani anafungaka mulango muchana?

Nilikuwa nachagua maharagi ku kiwanja. Nikatega sikio. Bure. Kiisha mama-mukwe wangu, Mama Anastasie, akatoka, macho mekundu, akaniangalia sana. Akasema siku ya Mungu tutaenda sisi wote ku shamba ya mulima, kupumuzika, kuchoma biazi. Na kuku atakufa.

Kuku! Hata Pasaka hatukula kuku.

Ile shamba hatujaikanyaga tangu vita. Bwana yangu Honoré njo aliilima mwisho.

Siku ya tano, 12 Juillet

Mama Anastasie anasema nitoshe shimizi nyeupe ya Honoré mu sanduku, nifue, nipige pasi, tutaibeba kule ku shamba. Aliisema polepole, anaangalia chungu, haniangalii mimi.

Ee Mungu.

Miaka ine. Mwezi wa munane 1964 Honoré alitoka hapa na mufuko ya maharagi ku kichwa, anaenda Kibua. Siku tatu, alisema. Ilikuwa wakati ya vita ya ba-Mulele, bale baasi. Hakurudi. Hakuna maiti, hakuna barua, hakuna hata muntu aliyeokota kofia yake. Nilikuwa na mimba ya Généreuse.

Na sasa Edmond anatoka kule kule Kibua — mulango unafungwa, kuku, shimizi. Constance, wewe si mujinga. Bamemuona! Banataka kunishangaza, njo maana bananyamaza.

Siulizi. Nitangoja kama mukwe wa adabu. Lakini miye naye! Leo nimeweka chumvi mara mbili mu sombe, na hakuna aliyesema kitu. Wote bamekula.

Siku ya posho, 13 Juillet

Nimefua. Kipande cha sabuni cha mwisho. Pasi ya makala nimeipitisha mara tatu, lakini ile alama ya kukunjwa imekataa kutoka. Niliweka shimizi ku pua. Harufu yake imekwisha, imebaki ya sanduku tu. Nikalia kidogo, kiisha nikacheka peke yangu kama mwenye wazimu.

Généreuse atavaa robe ya bluu. Anauliza juu ya nini. Juu ya hivi! Anasema ameona babu yake ananoa jembe. Nikamwambia muzee haweze kukaa bure, hata siku ya kupumuzika atatafuta gugu la kung'oa.

Nimesuka nywele.

Siku ya Mungu, 14 Juillet

Naandika hapa hapa shambani, nimechutama mu magugu. Banafikiri nimeenda kujisaidia. Hii kaye ya kuandikia nilikuwa nayo mu kitunga — nilitaka kuandika kurudi kwa Honoré palepale, kabla furaha haijanisahaulisha. Niandike tangu asubuhi.

Hatukuenda misa. Papa Léonard, yeye anayekaripia bantu juu ya misa! Nikasema mu roho: basi iko jambo kubwa.

Na ilikuwa siku nzuri, nisiseme uongo. Edmond alitangulia mapema. Sisi tukapanda polepole, Généreuse ku mugongo wa babu yake. Ku muto tukanawa miguu, maji baridi mpaka meno. Ku shamba tukakuta ndizi zimejizalia zenyewe, zimeivia juu, ndege banakula. Tukachoma biazi mu majivu. Kuku alikuwa mutamu! Mama Anastasie akasimulia ginsi Honoré mutoto alianguka mu mutumba wa kasiksi, pombe ya ndizi, akatoka mulevi, anasalimia mbuzi. Nilicheka mpaka mbavu. Tangu miaka ine sijacheka vile.

Na kila jani likitikisika, naangalia njia.

Nilimuwekea paja la kuku ku jani la mugomba. Mama Anastasie akaliona, akaziba kinywa na kitenge. Nikafikiri anaficha siri ya furaha. Miye mujinga!

Kiisha Papa Léonard akasimama. Akaenda ku migomba ambayo Honoré alipanda mwenyewe. Akakata shina moja, urefu wa muntu. Edmond akalibeba, akalilaza ku mukeka mupya, nyuma ya kibanda. Nikafuata. Pale shimo. Edmond amelichimba asubuhi, udongo bado unyevu.

Nikajua. Nani hapa kwetu hajui? Muntu akifia mbali na maiti isionekane, banazika mugomba pahali pake. Kiisha kilio kinaisha.

Nikauliza: munafanya nini? Edmond aliangalia chini. Dada, anasema, Kibua ilikuwa pahali pa mwisho. Nimeuliza nyumba kwa nyumba. Hakuna. Kiisha, sauti ndogo: bazazi ba Jeannette, muchumba wake, banakataa kumupa binti yao kama kilio cha kaka yake hakijaisha. Miaka mbili anangoja. Nimemukasirikia mpaka meno yanauma! Na ninamuhurumia pia.

Papa Léonard akanishika mukono. Mutoto wangu, anasema, nimezeeka, sitaki kufa nikiacha mutoto wangu mu njia. Bibi yake njo anavalisha shina. Bibi njo anaita jina, mara tatu. Asipoitika hata ya tatu, ni mufu, ni udongo.

Nikavalisha. Vifungo vilikataa kufungika. Nikasema kwa nguvu: huyu si yeye, huyu amenenepa! Mama Anastasie akacheka — akacheka na machozi yanatoka — na sisi wote tukacheka pale ku shimo. Mungu atusamehe.

Nikaita: Honoré! Kimya. Tukangoja.

Nikaita tena: Honoré! Généreuse akauliza mama anaita nani.

Ya tatu ilikataa kutoka. Nikasema naenda mu magugu, nikapita na kitunga.

Toka hapa naona lile paja ku jani lake. Siafu bameshafika.

Papa Léonard ananiita. Constance! Nimesikia muzuri. Sijajibu. Niandike hii kwanza.

Biazi binaungua, nasikia harufu, hakuna anayebitosha.

Constance! Ya pili hii. Sauti ya muzee imebadilika, inaogopa. Généreuse anaanza kulia. Nataka kuitika, walai nataka. Niko muzima, nasikia, niko hatua makumi mbili tu, na siitike.

Basi Honoré naye anaweza kuwa muzima —

Mama Anastasie anapiga kelele: Nyamaza, Papa Léonard! Usimuite mara ya tatu!