Kadi Mbili na Meza ya Chakula

Shangazi mshauri, shikamoo. Sijawahi kuandika gazetini, na hata leo nisingeandika kama mambo yasingenifika shingoni. Mimi ni mpima ardhi, mtu wa vipimo, na mke wangu huchora ramani za nyumba, na kompyuta yetu ya zamani ilianza kuganda kila anapozungusha jengo kwenye skrini, anangoja mpaka chai inapoa, basi nikamwambia, mama watoto, tulia, nitakuundia mpya kwa mikono yangu mwenyewe, kifaa kimoja kimoja, na alifurahi kweli. Hiyo ni miezi minane iliyopita. Vifaa vyote viko juu ya meza ya chakula, imebaki kadi ya grafiki tu, ile inayoipa kompyuta nguvu ya kuchora, na hapo ndipo nilipokwama, kwa sababu ziko mbili. Ndogo ina feni mbili, haina makelele, na muuzaji anasema kwa kazi ya mke wangu inatosha na kubaki. Kubwa ina feni tatu, taa zinazobadilika rangi, na nguvu ambayo nakiri sijajua nitaipeleka wapi, lakini Shangazi, ungeiona! Nimetengeneza jedwali la safu arobaini na moja, na kila nikikaribia kuamua Ndogo nazikumbuka zile taa, na nikiamua Kubwa nakumbuka kwamba inazidi kasha la kompyuta kwa vidole viwili, kasha nililolinunua bila kulipima, mimi, mpima ardhi, tafadhali usicheke. Sasa nawaza kulikata kwa msumeno. Watoto wamekuwa wakila sahani zikiwa mapajani, na mtu akipiga chafya karibu na meza namfokea kwa sababu ya vumbi. Mke wangu siku ya kwanza kabisa alisema, "Chukua hiyo ndogo," ila yeye hizi kadi hazijui kwa undani. Naomba uniamulie, nichukue ipi?

Nimesahau kusema, tangu mwezi jana anakwenda kuchorea kwa dada yake kwenye kompyuta ya kuazima, maana ana michoro ya zahanati inayotakiwa mwisho wa mwezi huu, na wenye zahanati wakiikosa watampa kazi mtu mwingine. Jumapili alichukua na watoto, na ndala, na mto wake wa kulalia. Nadhani ni kuepuka foleni ya asubuhi. Kwa hiyo nyumba imetulia, nina nafasi nzuri ya kufikiri.

Mpimaji Aliyekwama

*

Marahaba, Mpimaji. Nimecheka, nisamehe, uliniomba nisicheke nikashindwa. Halafu nikafika kwenye hilo "nimesahau kusema" na kicheko kikanikauka. Mwanangu, mtu husahau mwavuli. Mke akiondoka na mto wake, unaanza na hilo, feni zinafuata.

Nakuonea huruma, maana hukuanza kwa ubaya. Ulitaka kumfanyia mwenzio jambo zuri, ukanogewa. Lakini tuambiane ukweli: kompyuta hiyo iliacha kuwa yake siku ulipoziona zile taa. Safu arobaini na moja! Ipo hata moja inayosema zahanati inatakiwa lini? Eti hazijui kwa undani. Ebo! Yeye ndiye atakayekaa mbele ya mashine hiyo kutwa nzima. Wewe utakuwa pembeni unatazama rangi. Na foleni ya asubuhi haimfanyi mtu ahame na watoto, hilo unalijua vizuri kuliko mimi.

Sasa nisikilize, na usiniandikie tena kabla hujafanya. Msumeno urudishe stoo. Jedwali lifute, na usilifiche mahali pengine, nawajua watu wa aina yako. Kesho duka likifunguliwa uwe mlangoni, ununue Ndogo, na muuzaji akikugusia ile nyingine jifanye kiziwi. Fundi wetu wa kompyuta hapa ofisini anasema kuifunga ni kazi ya nusu saa. Wewe nakupa mpaka adhuhuri. Kisha pangusa meza, kila kitu kitoke, watoto wakirudi wakute pa kuweka sahani.

Mke wako usimpigie simu kumwambia arudi. Ibebe hiyo kompyuta mpaka kwa shemeji yako, umwombe radhi mlangoni mbele ya dada yake, uiwashe, umwachie achore. Zahanati kwanza. Habari ya kurudi nyumbani ataisema yeye, kwa wakati wake, kwa sababu kuamua kwako tumeshakuona.

Atakuuliza umechagua ipi. Hapo utatamani kueleza, nakujua. Mwambie tu, "Ile uliyoniambia siku ya kwanza," halafu unyamaze.