Majani ya Maboga Hayahitaji Magadi

Mjukuu wangu Subilaga,

Ndaga fijo kwa barua yako. Hapa Busale tu wazima. Mpunga umechanua, na babu yako amekwisha kugombana na ndege wote wa kata hii.

Umeniuliza kama magadi yatalainisha majani ya maboga yanayokukwaruza koo. Swali hilo limeniamshia hasira ya zamani.

Nilipohitimu chuo cha upishi, niliajiriwa kwa majaribio katika nyumba ya wageni huko Matema. Siku moja meneja aliniamuru nitie magadi ili mboga iive haraka. Nilijua ni kosa, lakini niliitaka kazi, nikatii. Majani yakawa uji wenye ladha ya sabuni. Wageni waliponung'unika, meneja alidai kwamba Mama Atupele, aliyetuuzia, alileta majani makuukuu. Nilikuwepo, nikanyamaza. Mama yule akakatazwa kutuuzia tena.

Habari za jikoni zilimfikia. Tulipokutana sokoni Lyulilo, alisema mbele ya wenzake, "Binti msomi, kumbe magadi yale uliyala na wewe? Mbona ulimi umelainika hivyo?" Wakacheka.

Kazini nilithibitishwa. Nilimchukia meneja miaka mingi, hadi nilipotambua kuwa hasira iliyobaki ilinihusu mimi.

Basi menya nyuzi za kila kikonyo, kisha fikicha majani viganjani mpaka yalegee, ndipo uyakate. Inachosha. Atakayekuharakisha, mkatalie papo hapo, na wengine wasikie.

Ni mimi bibi yako, ambaye hadi leo sijajisamehe.