Siku Saba Bila Kupima, Bila Kuuliza

Jumapili, 9 Machi

Tumefika, nchi ambayo lugha yake hatuijui. Chumba kiko ghorofa ya tatu: kitanda, kiti kimoja, dirisha linalotazama paa la bati. Mabegi yote mawili yamefika pia.

Niandike masharti kabla mtu hajayapinda. Siku saba. Mimi, mwandishi wa habari kwa miaka thelathini na moja, nisimuulize mtu swali lolote la kazi. Mume wangu, mkaguzi wa mizani na vipimo, asipime kitu. Atakayeshindwa kuiacha kazi siku saba ataiacha mwaka mzima, akae na binti yetu. Binti anatarajia pacha mwezi ujao, na mumewe anafanya kazi mbali. Ametaka mmoja wetu aende. Hakusema yupi. Sisi nasi hatukusema—kila mmoja alikuwa anatafuta miwani yake.

Shajara si kazi. Mume wangu amekubali, mradi isisomwe na mtu.

Jumatatu, 10 Machi

Soko la usiku liko nyuma ya hoteli, kwenye uwanja wa kuegesha magari. Magari yakiondoka jioni, meza zinaingia. Balbu zimefungwa kwenye kamba za kuanikia nguo. Soksi, vioo, vifuniko vya sufuria visivyo na sufuria zake.

Tulinunua nusu kilo ya zabibu kavu kwa mama mmoja mnene, mchangamfu. Nimemwita Mama Zabibu. Mume wangu aliupokea mfuko, akaurusharusha kiganjani mara mbili, akanyamaza. Namjua. Huo haukuwa unyamavu wa likizo.

"Umepima," nikamwambia.

"Nimeshika. Mtu haruhusiwi kushika zabibu zake?"

Jumanne, 11 Machi

Nimekuta jiwe la mizani ndani ya soksi yake. La shaba, gramu mia tano, lina muhuri wa ofisi.

"La kukumbukia nyumbani," akasema.

"Wenzako hubeba picha."

Akaniuliza kalamu tano ni za nini. Nikamwambia za shajara. Akatazama shajara, akatazama kalamu, tukaafikiana kwamba kila mtu ashughulike na begi lake.

Jumatano, 12 Machi

Ameshindwa kunyamaza, amesema; kutazama, anadai, si kupima. Mizani ya Mama Zabibu ni mbovu, ila inampunja mwenyewe. Kila anayepimiwa anaondoka na gramu kama hamsini za bure. Sindano inapumzika chini ya sifuri, na kioo kimechakaa kiasi kwamba haionekani vizuri.

"Miaka ishirini na sita nimekamata wanaowaibia wateja," alisema. "Huyu anajiibia mwenyewe, na mimi niko likizo."

Hakulala vizuri. Mara mbili nimemsikia akisema "sifuri".

Alhamisi, 13 Machi

Sikuuliza kitu. Naliandika hili kwa sababu atadai niliuliza.

Jirani wa Mama Zabibu anauza betri. Aliwahi kuwa fundi wa majenereta kwetu kwa miaka sita, na lugha yetu anaijua vizuri, matusi zaidi. Nilisimama mbele ya meza yake nikamtazama tu. Kunyamaza si kuuliza. Watu wengi hawawezi kuvumilia kimya zaidi ya sekunde kumi. Yeye alifika sekunde nne.

Alisema yule mwanamke mwembamba anayefunga mifuko kwenye meza ya Mama Zabibu ni wifi yake, dada wa mumewe. Ameishi kwao mwaka na nusu tangu ndoa yake ivunjike. Mzigo unakwisha kabla ya hesabu, kila wiki, na Mama Zabibu ameshakata shauri: wifi anakula zabibu. Kamwambia Jumamosi soko likifunguliwa akabidhi ufunguo wa nyumba, arudi alikotoka.

"Na alikotoka hakuna mtu," muuza betri akasema.

Nikamgeukia mume wangu. Alikuwa anatazama viatu vyake.

Kwamba mwizi ni mizani, tunajua sisi wawili tu.

Ijumaa, 14 Machi

Siku nzima ya kusukumana.

"Muulize tu mizani ilikaguliwa lini," alisema kwenye ngazi. "Swali la adabu, kama hujambo."

"Weka tu hilo jiwe lako pale. Sema limekuchosha mfukoni."

Saa tisa alisema binti anamhitaji zaidi mama. Nikamkumbusha ni nani aliyekuwa akimbembeleza usiku kwa kumsomea jedwali la vipimo. Akasema jedwali naweza kulisoma hata mimi.

Jioni nikapata mwanya: taarifa si swali. Nikamwambia muuza betri kwamba mume wangu anasema mizani ya jirani inatoa zaidi. Akampelekea ujumbe. Mama Zabibu akacheka mpaka akashika meza. Jibu lilirudi hivi: mizani ile ina miaka minane pale, na hakuna mteja hata mmoja aliyewahi kuilalamikia.

Hilo naliamini.

Wifi hakucheka. Alikuwa anafunga mifuko, taratibu, mikono ikionekana wazi juu ya meza. Ndivyo anavyokaa mtu anayejua anatazamwa.

Jumamosi, 15 Machi. Saa kumi na moja jioni

Binti kapiga simu. Wamezaliwa alfajiri, wiki nne kabla. Wa kike, wote wawili. Wazima. Mmoja analia tangu atoke. Mwingine halii, anakodolea tu watu macho.

"Huyo ni wako," mume wangu akaniambia.

Wa kwanza ana kilo mbili na gramu mia moja, wa pili kilo mbili kasoro. Akauliza kasoro ngapi. Binti akasema hajui, baba, kasoro kidogo. Akauliza mizani ya hospitali ni ya aina gani. Nikamnyang'anya simu.

Tangu hapo amekaa kwenye kile kiti kimoja, anatazama kiganja chake. Mimi nimefungasha begi langu, ingawa tunaondoka kesho mchana.

Saa mbili na robo usiku, sokoni

Naandika nikiwa nimesimama, daftari juu ya katoni ya betri.

Tulipofika, mkoba wa wifi ulikuwa tayari chini ya meza na ufunguo uko mkononi mwake. Mama Zabibu alikuwa ananyoosha kiganja bila kumtazama. Nikamwambia muuza betri kwa sauti ya kazini kabisa, "Muulize, mizani hii mara ya mwisho ilikaguliwa lini, na nani?" Nikasikia kitu kikigonga bakuli la mizani. Jiwe la shaba.

Sindano imesimama kwenye mia nne na hamsini.

Mama Zabibu akainamia kioo. Akakifuta kwa kanga yake, akainama tena. Akaliinua jiwe, akalisoma muhuri, akalirudisha. Mia nne na hamsini. Sasa muuza betri anaeleza, mikono hewani. Neno "gramu" nalisikia. Neno la kwetu moja la matusi pia nalisikia, sijui linahusikaje. Mama Zabibu anapiga hesabu kwa vidole: miaka minane. Kiganja kile alichokinyoosha amekishusha. Ufunguo bado anao wifi, na mkoba haujaguswa.

Mume wangu yuko begani kwangu.

"Mimi nimetangulia," anasema. "Jiwe liligonga kabla hujamaliza swali."

"Nilianza kabla hujatoa mkono mfukoni."

"Kuanza si kuuliza. Mwaka ni wangu. Mimi ndiye niliyevunja masharti."

Tumemwita muuza betri aamue. Anasema tumngoje, ana ugomvi wa watu mkononi, na kwamba hajawahi kuona mtu na mkewe wakigombea kushindwa.

Mume wangu anataka niandike kwamba yeye ndiye wa kwanza. Miaka thelathini na moja, mawaziri wawili na mhariri mmoja wamenisimamia hivi hivi begani wakiniambia cha kuandika, na sikukiandika. Nimemwambia hivyo. Ameondoa mkono begani, ameuzungusha kiunoni. Hilo mawaziri hawakulijaribu. Anasema tena, polepole, kwamba ni yeye.