Mgongo wa Aba

Jumatatu, 4 Machi
Nimeamka mgongo umekakamaa kama gogo. Nusu saa nainamia viatu! Aba, baba yangu, mlangoni na chai yake: "Msichana mzima, viatu vinamshinda. Uvivu huu." Jioni harusini kwa jirani zetu kina Vanita nikacheza mpaka jasho—mgongo huu ukilala hukakamaa, ukichezeshwa hulainika. Nani amwambie? Aba alikuwa mpiga mieleka. Kwake maumivu ni visingizio. Na eksirei ya mwaka jana haikuonyesha kitu. Hilo hajalisahau.

Alhamisi, 7 Machi
Leo kipimo cha MRI. Mashine inagonga kama mafundi bati. Aba kanisindikiza, nadhani ashuhudie nikiumbuka. Daktari Inamdar akatuonyesha picha: pale uti wa mgongo unapoungana na nyonga, weupe kulia na kushoto. Kasema eksirei huona makovu, hii huona moto ungali unawaka. Kinga ya mwili wangu inashambulia viungo vyangu. Basi si uvivu. Nitaanza sindano. Nikamtazama Aba. Akakohoa.

Daktari akamsemesha, naye akageuka mwili mzima kama kabati.

"Mzee, shingo hiyo tangu lini?"

"Mieleka hiyo."

"Ugonjwa huu hurithiwa. Nawe tukupige picha."

Aba akatoka nje.

Jumamosi, 9 Machi
Hataki. Mama kabembeleza, kanuna, kamnyima mchuzi mwekundu wa mbuzi. Wapi!

Nikamwambia Aba kwamba Gangaram, hasimu wake wa ulingoni, anatangaza mtaani kuwa anaogopa tundu la mashine. Maskini Gangaram hajasema neno. Mungu anisamehe.

"Kesho kutwa tunakwenda," kasema Aba.

Jumatatu, 11 Machi
Naandika nikiwa benchini, mlango wa chumba cha mashine u wazi. Aba kaja na kilemba cha sherehe. Mhudumu kamwomba akivue.

"Lala chali, mzee."

"Mji huu wa Kolhapur hakuna aliyewahi kunilaza chali."

Tukacheka. Kisha akalala, na kichwa hakikufika kwenye mto. Kikaning'inia hewani, mishipa ya shingo imemtoka. Mhudumu akaongeza mto. Bado. Akaongeza mwingine. Kumbe ndiyo maana hulala kitini—nasi tulidhani analinda nyumba.

Nikaingia, nikamshika kisogo. Akaninong'oneza, "Usimwambie mama yako."

Sasa nimerudi benchini, na mhudumu anasema kwa mito hii hataingia tunduni. Ashuke, wamuulize daktari. Aba kashika kingo za kitanda. Hashuki.

"Nikandamizeni mabega," anatuambia. "Nitalala."