Wifi na mashine ya ndevu

Uko wapi? Soma hii kabla sijaua mtu.

Wifi amemnyoa paka wangu.

Narudia, amemnyoa. Yule mtoto wa paka wa Kiajemi niliyemsubiri miezi mitano, ninayemchana kila asubuhi kwa brashi laini kama bibi harusi. Nimetoka kazini namkuta chini ya meza ya jikoni, kipara mwili mzima, kichwa tu ndicho kimebaki na manyoya. Anatetemeka.

Nauliza nani kafanya hivi. Wifi hata hakuacha kutafuna karanga zake. "Mimi. Alikuwa anahema kwa joto. Yataota tu, kwani ni mkono?"

Kwani ni mkono. Ndani ya nyumba yangu, mwenzangu. Mgeni wa siku mbili.

Kumbe katumia mashine ya ndevu ya kaka yake. Nikampigia mume wangu nikijua atawaka. Akawaka kweli. "Mashine yangu? Ameisafisha lakini?"

Daktari wa mifugo anasema manyoya yatachukua miezi kurudi, nimkinge na jua na baridi. Nimetoboa soksi yangu ya pamba matundu ya miguu, nimemvika. Ananiangalia kama mimi ndiye niliyemtenda.

Wifi kasema nakuza mambo kwa ajili ya paka, halafu akaenda kujilaza.

Sasa hivi anakoroma kwenye kochi, mdomo wazi, na ile misuko aliyokaa saa sita nzima kusukwa juzi.

Mashine nimeichomeka kwenye chaji.