Rejeta Niliyokusamehe

Mlamu wangu Hamisi,

Salamu kwanza, maana adabu sijaiacha ingawa wewe umeniacha. Anayekuandikia ni mimi Omari, kaka wa mkeo, mtu ambaye kutoka Likoni hadi Lunga Lunga akipita barabarani magari yote husimama. Yote. Malori ya mchanga, mabasi ya Tanga, hata yale marefu meusi ya wakubwa wanaopanda Kwale kwenda kukalia viti vya ofisi. Husimama kando, madereva wakatoa vichwa nje wakanitazama. Usiniulize kwa nini wanasimama. Mtu mkubwa haulizwi.

Gari limewaka, Hamisi.

Nimeandika hivyo halafu nikaweka kalamu chini nikanywa maji. Basi. Tuendelee.

Limewaka na wote waliolicheka wamefumba midomo. Unamkumbuka yule makanika wa Ukunda mwenye kompyuta? Alilizunguka mara tatu akitafuta tundu la kuchomeka waya wake mpaka jasho likamtoka. Gari lenye umri wa kumzaa baba yake, yeye anatafuta tundu! Akaniambia, "Mzee, hii uza tu kwa kilo." Nilimtazama viatu nikamwachia Mungu. Na yule bwana wa bara mwenye nyumba ya kupangisha Diani, aliyekuja na suruali fupi kulipiga picha, akasema gari la spoti linataka gereji yenye sakafu ya vigae. Vigae! Mimi nimelitengeneza chini ya mkorosho, kuku wakipita kati ya miguu yangu. Na majirani zetu hapa Kombani, watu ambao chombo cha kasi walichowahi kukimiliki ni punda, hao siwasemi.

Lakini wewe pia hukuwa bora kuliko wao. Nakwambia wazi, kufa kwako hakukufanyi malaika kwangu. Mzungu wangu alipofunga nyumba yake Diani arudi kwao akazeekee baridini, aliniuliza nataka nini, jokofu au lile gari lililolala bandani miaka yote. Mtu mdogo angechukua jokofu. Wewe ulinivuta kando ukaninong'oneza, "Mlamu, chukua jokofu." Watu wanasema nilipewa gari kwa kazi ya kufagia bwawa la kuogelea. Waseme. Mimi nilikuwa mshauri wake wa mambo ya maji.

Siku tulipolivuta kwa trekta hadi kwangu sitaisahau. Wewe ulishika usukani, na usukani wa gari lile uko kushoto. Mimi nikakaa kulia, nimekunja mikono. Kutoka Diani hadi Kombani watu walishika vichwa: Omari anaendesha bila mikono! Wengine walikimbia nyuma yetu. Wewe ukataka kuwaeleza. Nikakwambia nyamaza, ukanyamaza, ukacheka kimyakimya mpaka mabega yakatikisika. Ulikuwa na kicheko kibaya sana, kama mbuzi anayekohoa.

Sakafu ilikuwa imeliwa na chumvi ya bahari, ukiketi unaona mchanga ukipita chini yako. Niliziba kwa mabati ya choo cha zamani. Viti nikavijaza makumbi ya nazi, akavishona fundi viatu. Gasketi ya kifuniko cha injini tuliikata kwenye ngozi ya kile kiatu chako cha hotelini, cha kulia, na ulilalamika wiki nzima kama mtu aliyekatwa mguu. Rangi nilipaka ile ya buluu aliyobakisha ndugu yetu wa Kibuyuni baada ya kupaka mashua yake, ndiyo maana likinyeshewa linanuka bandari. Waliofika kulitazama waliniuliza rangi hii imetoka wapi. Nikawaambia Italia.

Na Jumapili jioni, kabla halijawa na injini ya kuaminika, tulikaa ndani yake mimi na wewe na kahawa yako. Wewe uliyekuwa umewaandalia Wajerumani meza hotelini miaka ishirini ulibadili gia hewani ukaguruma kwa mdomo, kisha ukapunguza mwendo ukaniuliza kwa Kijerumani, kwa sauti ya bwana mkubwa, kama nataka yai la kuchemsha. Upumbavu. Wanaume wawili wazima wenye wake! Sijamwambia mtu.

Sasa lile jambo letu. Nalo nitalisema kwa mpango, nisionekane nimeshindwa.

Unajua jinsi lilivyoanza. Nilifungua boneti ya mbele nikakuta utupu. Nikapiga ukelele kwamba injini imeibwa, watu wakajaa uani. Wewe ukazunguka nyuma polepole, ukaniinua juu ya buti nilikokaa kuomboleza, ukaifungua, ukasema mbele ya halaiki ile, "Mlamu, si hii hapa umeikalia?" Watu walicheka mpaka magharibi. Hapo ndipo moyo wangu uliposhika kutu.

Injini ya nyuma nikaikubali. Wazungu wana mambo yao. Lakini rejeta? Nilitafuta mbele, nikatafuta nyuma, nikalala chini mgongoni, hakuna rejeta. Gari litapozwaje bila rejeta ya maji? Tena lilikuwa likiwaka dakika chache linachemka, linanuka moto, linazima. Nikakumbuka kwamba nilikwenda Kibuyuni arusini siku mbili, na gari nilikuachia wewe. Nikakumbuka vilevile kwamba rejeta ni shaba. Na wiki ileile, pale steji ya matatu ya Kombani unapouzia kahawa, nani alionekana na dele jipya la shaba linalong'aa kama jua la saa sita?

Mtu mwenye akili yangu hahitaji polisi.

Nilikuja nikakukuta na wateja wako wamejaa kwenye benchi. Nikakuita mwizi. Nikasema umeiyeyusha rejeta yangu ukafulia dele. Nikaapa kwamba niliiona rejeta ile kwa macho yangu siku ya kwanza, nikawaonyesha watu upana wake kwa mikono. Hukukasirika. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Ulifuta kikombe, ukasema taratibu kama unayesema na mtoto, "Mlamu, gari hili halina rejeta. Linapozwa na upepo."

Nikakujibu, "Basi tulitweke tanga!"

Benchi zima lilicheka, na safari hii walicheka upande wangu. Nikaondoka kifua mbele. Miezi saba hatukusemeshana. Ukipita njia ya juu, mimi napita ya chini. Mkeo Mwanamisi alitusuluhisha mpaka akachoka. Kisha Jumanne moja baada ya adhuhuri ukafa, kikombe mkononi, bila hata kuniaga. Ujuba huo ulikuwa nao tangu zamani.

Tulikuzika kwenu Msambweni. Jeneza lilipowekwa mbele, imamu akauliza, kama ilivyo desturi, kama yupo mwenye kumdai marehemu au mwenye kinyongo naye, aseme au asamehe. Mimi nikasimama. Nilikuwa nimevaa kanzu mpya, Hamisi. Nikasema kwa sauti iliyofika hadi safu ya nyuma: "Mimi namdai rejeta ya gari. Lakini kwa ajili ya Mungu, nimemsamehe."

Wazee walitikisa vichwa kwa kunistahi. Mmoja alinishika mkono kwa mikono yake miwili akalia. Nilirudi Kombani nikijiona mtu mwema kuliko wote waliobaki duniani.

Sikujua ninachokifanya. Au nilijua, sijui.

Mwanamisi alipotoka edani, alitaka kushika biashara yako. Watoto wanasoma, na shamba lenu unalijua, mawe matupu. Akapika kahawa vizuri, tangawizi yake, akachoma na kaimati, akakaa kwenye benchi lako na dele lako. Siku ya kwanza akarudi nalo limejaa. Siku ya pili vilevile. Unajua walimwambiaje? Wanapita wanamwita, "Mama Rejeta! Kahawa yako haina kutu?" Wengine hawakutania, walikataa kwa uso wa dini kabisa, eti hawawezi kunywea kitu cha wizi. Na ushahidi wao ni nini? Ni mimi. Shemeji mtu alisimama mbele ya jeneza akasema. Nani atalipinga neno lililosemwa mbele ya jeneza?

Watu wa ovyo. Kahawa yako waliinywa miaka na miaka wakakopa na vikombe, leo wanajua halali na haramu.

Siku ya tatu Mwanamisi hakwenda kwake, alikuja kwangu. Akaliweka dele juu ya boneti ya gari, likiwa limejaa, likiwa la moto bado. Akafungua kanga akatoa daftari la shule, akasema, "Hili lilikuwa chini ya godoro. Nilikataa kukupa kwa hasira. Sasa soma, kaka." Akaondoka na dele akaniacha na daftari.

Mimi shule niliiacha darasa la nne, kwa kuwa walimu hawakuwa na la kunifundisha zaidi. Nilisoma kidole kwa kidole. Mwandiko wako mwembamba, kama wa mwanamke. Ukurasa wa kwanza:

"Mlamu, kabla hujafungua mdomo. Gari hili halina rejeta. Halikuwahi kuwa nayo. Najua hutaniamini mimi, kwa hiyo nakufasiria kitabu chote cha mzungu kilichokuja na gari, ukurasa kwa ukurasa, utakiamini kitabu."

Miezi saba, Hamisi! Mimi napita njia ya chini, wewe unakaa na kitabu cha Kijerumani na maneno yako ya mezani, unanifasiria kabureta. Kurasa arubaini na moja. Mtu gani anafanya hivyo? Huna haya?

Nikalitupa daftari. Nikaliokota. Ukurasa wa tisa ulisema: "Ule mkanda mdogo wa feni iliyo juu ya injini usiuguse. Feni ndiyo inayoleta upepo. Ukiutoa mkanda, umeiua injini."

Nikakaa chini pale pale kwenye makumbi. Mkanda ule niliutoa mwenyewe siku ya pili tu. Nilisema moyoni, feni ya nini, sisi tumekaa pwani, upepo tunao. Nikaufungia mlango wa banda la mbuzi. Mkanda huo umefunga mlango ule tangu wakati huo, nawe kabla hatujagombana uliupita kila asubuhi ulipokuja kunisalimu. Hukuujua kwa kuwa niliupiga fundo na kuufunika kwa gunia. Nikaenda bandani, nikaufungua, mbuzi wakatoka wote wakala mchicha wa jirani, sikujali. Nikaurudisha mahali pake kama ulivyochora. Nikawasha. Dakika tano. Kumi. Nusu saa. Halikuchemka. Lilikuwa likikoroma kama mtu mzima aliyeshiba.

Nilimpakia Mwanamisi na dele lake, nikashuka hadi steji. Mwanamisi alikaa kulia, mimi kushoto, kwa hiyo watu waliona dada yangu anaendesha. Iwe. Nikasimama mbele ya benchi lako, nikapanda juu ya kiti cha makumbi, nikasema kwa sauti ileile ya Msambweni:

"Sikilizeni! Rejeta imepatikana!"

Wakauliza, "Imepatikana wapi?"

Nikajibu, "Bandani kwangu, kwenye mbuzi. Marehemu hakuiba kitu. Atakayelitaja tena dele hili kwa ubaya atanikuta."

Walikunywa kahawa, mlamu. Walikunywa wakazungusha vikombe, na wale wa uso wa dini ndio waliorudia mara tatu. Mwanamisi aliosha dele likiwa tupu kabla ya alasiri. Nilijiona nimemaliza. Lakini tulipokuwa tunarudi, hakunitazama, aliitazama barabara tu, akasema, "Kaka, hata ukiungama lazima udanganye." Halafu akaongeza, "Yeye alikuandikia haikuwahi kuwako."

Nikamfikisha kwake bila kujisifu hata mara moja. Hilo ni jambo jipya kwangu.

Nakuahidi, basi. Hitima yako ya mwaka inasomwa Msambweni, imamu yuleyule, wazee walewale, yule aliyenilia mkononi pia Mungu akimweka hai. Nitakwenda na gari. Nitasimama pale niliposimama, nitasema kwamba rejeta haikuibwa wala haikupatikana, haikuwahi kuwako, na aliyelisema hilo tangu mwanzo ni wewe. Nitaomba wanisamehe mimi. Kanzu nitavaa ile ya zamani.

Nitakwenda taratibu. Daftari lako linakoma ukurasa wa arubaini na moja, katikati ya mstari: "Sasa breki, mlamu, hapa sikiliza kwa makini, kwa sababu" – na hapo wino umekwisha, au wewe. Kwa hiyo breki sijazijua. Ndiyo maana magari yote husimama nikipita.

Lala salama, Hamisi. Mungu akupe kauli thabiti, akulipe kwa kila ukurasa. Mwanamisi anakusalimu. Kiatu chako kimoja bado ninacho, cha kushoto.

Na moja dogo, kisha nafunga bahasha. Nilipokuita mwizi, nilikwenda nikatafuta rejeta nyingine, ya pikapu iliyopinduka, nikaifunga mbele chini ya boneti kwa kamba ya nailoni. Bado ipo. Mipira yake miwili ya kupitishia maji haiendi popote, inaning'inia tu. Na kila asubuhi, kwa kuwa majirani wananitazama na wamezoea, nafungua boneti, naitia maji.