Chekundu Kilichobaki Mezani

Kariakoo, Aprili 1988

Kaka Hashil,

Assalaam aleikum. Jangwani kumejaa maji, na vitenge haviendi tangu mitumba iruhusiwe.

Uliuliza mzigo wa duka umepunguaje. Nimebandika mabaki ya vitambaa ukutani. Cheupe kirefu ni mzigo tulioanza nao. Kila kinachofuata kinaanzia pale kilipoishia kilichotangulia: cha kijani kinapanda kwa mzigo ulioingia, chekundu kinashuka kwa uliotoka. Cheupe cha mwisho, kifupi, ndio uliobaki.

Baba akautazama sana mchoro huo. "Nunu, nifanyie na wa watu wa nyumba hii."

Nikafanya. Cha kijani kimoja tu, mke wa kaka yetu Taimur alipoolewa hapa. Halafu vyekundu: mama alipofariki, Taimur na mkewe walipohamia Mombasa, wewe ulipokwenda Maskati. Cheupe cha mwisho ni mimi na baba.

Jana akaona chekundu kingine nimeshakikata, kipo mezani. Akakohoa, akasema, "Hicho changu. Subiri kidogo."

Si chake. Ni changu, kaka. Nimepata kazi Mwanza, naanza baada ya Idi. Nimechoka, na kumwambia siwezi.

Cha kijani nimekukatia wewe.

Mdogo wako,
Nunu